Mkonga wa Kwenda Cape Town

Kilosa, Jumamosi 7 Juni 2025

Mvua zimekwisha, Mkondoa umerudi kwenye kingo zake, na gari liko juu ya magogo kwa fundi. Ni Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, cc 4,164, haina tabo wala kompyuta. Tunakwenda kumwona kijana wetu anayesoma Cape Town, kwa kupitia Tunduma, Lusaka na Kazungula, kisha Botswana hadi chini. Kila anayepita gerejini ana kitu cha kuongeza: winchi, tangi la tatu, hema la kufunga juu ya keria. Fundi anawasikiliza wote, halafu ananigeukia. "Mzee, tuanze na beringi." Huyo tumeelewana.

Jumatano 11 Juni

Taimingi belti mpya imefungwa, pamoja na tenshena yake. Ya zamani kwa macho haikuwa na ubaya, ila hakuna aliyeandika ilifungwa lini, na fundi anaihesabia kilomita 100,000, basi. Mipira ya rejeta nayo mipya. Ile ya zamani iliyo mizima inakwenda kuwa akiba.

Alifungua skrubu ya chini ya filta ya dizeli akakinga kwa glasi ya chai. Maji yalikaa chini, dizeli ikatulia juu yake, mpaka wake unaonekana wazi. "Haya ndiyo yanayoua nozeli." Kisha akatufundisha kuyatoa, kufunga, na kupampu kwa mkono juu ya filta mpaka hewa iishe. Mama watoto alishika haraka kuliko mimi, na hajaacha kunikumbusha.

Ijumaa 13 Juni

Siku ya makaratasi. Kadi ya Njano ya COMESA itatufaa Zambia (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini bima hii tumebaki nayo), ila daraja la Kazungula haivuki; Botswana tutakata bima mpakani. Kadi halisi ya gari, si nakala. Pembetatu za tahadhari mbili. Herufi za Tanzania, EAT, zimebandikwa nyuma. Daraja la Kazungula lenyewe, mita 923, lilifunguliwa mwaka 2021. Kabla yake ilikuwa kivuko na foleni ya malori.

Mikumi, Jumapili 15 Juni

Majaribio, na mzigo wote ndani. Kabla ya kuondoka fundi aliomba rangi ya kucha ya mama watoto, akachora mstari kutoka kwenye kila nati hadi kwenye chuma kilicho pembeni: springi, shokapu, keria. Mstari ukikatika, nati imezunguka.

Barabara ya vumbi ilitutikisa ipasavyo. Tulipofika Ulaya (kijiji chetu hiki, si ile nyingine) mama watoto akasema sasa tunaweza kurudi, tumeshafika. Mikumi mjini nililala chini ya gari na tochi. Springi, salama. Shokapu, salama. Keria, mistari mitatu imekatika. Huko juu kuna madumu ya dizeli, tairi mbili, sanduku la vyuma na meza ya kukunja. Gari lilikuwa linayumba kila kona. Sasa najua kwa nini.

Mikumi, Jumatatu 16 Juni

Nimekaa na madereva wanaopeleka wageni hifadhini. Magari yao ni ndugu wa langu, na hakuna aliyebeba nusu ya vikorokoro vyangu. Spea tairi, jeki na ubao wa kuikalishia kwenye tope la Mkata, kamba nene, maji. Mmoja akauliza madumu ya nini wakati vituo vya mafuta vimejaa njia nzima. Sikuwa na jibu. Watu wa msafara wa Court Treatt walitoka Cape Town Septemba 1924 kwa magari ya Crossley, wakafika Cairo Januari 1926; wao walikuwa na sababu ya kubeba kila kitu. Mimi nina lami.

Kilosa, Jumamosi 21 Juni

Madumu yamebaki moja. Meza, sanduku na tairi moja vimeshuka, na keria imefungwa upya kwa nati za kujibana. Spea nilizobeba: feni belti, filta za dizeli, mipira ya rejeta, beringi za gurudumu la mbele, grisi. Tunaondoka Jumatatu alfajiri.

Winchi sikununua. Bei yake inatosha dizeli ya kutoka hapa hadi Lusaka, na chenji inabaki.