Nyuso Bila Majina

Miaka ya 2010 na 2011, sisi vijana wa mji wa Laare, Kenya, tuliojifunza kutengeneza tovuti tulijifunzia kwenye saiba, soko la miraa likiwa linachemka nje. Intaneti ilikuwa ya modemu ya kuchomeka, na umeme ukipotea unaanza upya. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeligusa toleo jipya la WordPress, programu iliyoendesha tovuti zetu, kabla ya kuteremsha nakala ya kila kitu: picha, hifadhidata, faili ya wp-config.php, na hasa faili zinazoanza kwa nukta.

Hizo za nukta ndizo zilizotusumbua. Kwenye Linux, jina likitanguliwa na nukta faili haionekani ukifungua folda. Sharti uandike ls -a, au uiagize FileZilla, programu ya kuhamishia faili, iionyeshe. Kaka aliyetufundisha hakukubali maneno matupu. "Usiniambie umenakili, nionyeshe .htaccess." Alikuwa na haki. Ile faili hubeba maagizo ya seva ya Apache; ikisahaulika, mara nyingi ukurasa wa kwanza wa tovuti hufunguka vizuri na za ndani zote huleta kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani.

Hofu ilikuwepo pia. Januari 2012, mdukuzi wa Indonesia aliharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya, na toka hapo kusasisha programu hakukuwa jambo la kuahirishwa. Oktoba 2013, WordPress 3.7 ikaanza kujisasisha yenyewe kwa matoleo madogo ya usalama. Tulifurahi, na sijutii furaha hiyo. Mwaka uliofuata Drupal, programu nyingine ya kuendeshea tovuti, ilipopata tundu kubwa, wasimamizi wake walitangaza kwamba tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 tangu kiraka kitolewe ihesabiwe imeshavamiwa. Nani angewahi kwa modemu yetu?

Lakini wepesi huo wa programu kujisasisha ulituondolea mazoea ya kunakili. Kikundi kimoja cha wakulima kilikuwa na tovuti yenye habari za wazee wa mashamba ya miraa, za wakati mzigo ulipokuwa ukiruka hadi London, kabla Uingereza haijaipiga marufuku miraa tarehe 24 Juni 2014. PHP 7.4, toleo la lugha iliyokuwa ikiiendesha, ilipoacha kupewa viraka vya usalama mwishoni mwa 2022, tovuti hiyo ikahamishiwa seva mpya. Aliyeihamisha alichukua folda alizoziona. Maandishi hayakai humo, hukaa kwenye hifadhidata, na akaunti ya zamani ilikuwa imeshafungwa. Picha zimebaki. Majina ya wazee na waliyoyasema yamepotea, na baadhi yao wameshazikwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Wewe mwenye tovuti ya shule, ya kanisa au ya sacco, mpigie anayekutunzia kabla hajabonyeza kitufe cha kusasisha. Muulize nakala ya hifadhidata iko wapi, kama faili za nukta zimo, na kama amewahi kuifungua nakala hiyo mahali pengine akaona inafanya kazi. Akisita, asiguse kitu.