Waliokuja Kuadhibiwa Dakawa

Kwa vijana wa Afrika Kusini waliosoma uhamishoni Mazimbu, Morogoro, Dakawa lilikuwa jina la adhabu. Mwanafunzi wa SOMAFCO, ile shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, akizidisha bangi na ulevi aliweza kuondolewa darasani akaletwa huku kwetu, mwendo wa kama kilomita 50, kwenye ardhi ambayo serikali yetu ya Tanzania iliipa ANC mwaka 1982. Huku alikuta vumbi, mbu wa Mto Wami na kazi za ujenzi. Sisi watoto wa wafanyakazi wa shamba la mpunga la NAFCO tuliwatazama wakipita, na kusema kweli tulizitamani zaidi suruali zao za msaada kutoka Ulaya kuliko siasa zao.

Kichekesho ni kwamba waliletwa mahali ambapo bangi haikuwa ngeni. Suruali zile waliziuza kijijini jioni, na fedha ikaishia kwenye gongo na misokoto. Kila mtu mzima aliijua biashara hiyo. Waliokuwa wakinunua nguo ndio hao hao waliokuwa wakisema wageni wametuharibia watoto.

Bangi ilikuwako kabla yao. Mjomba wangu wa Matombo, ambaye kwa desturi yetu Waluguru alikuwa na kauli juu yangu kumshinda baba, alikuwa na mashina mawili matatu nyuma ya migomba. Alivuta asubuhi kabla ya kupanda mteremko kulima, lakini ole wake kijana aliyeigusa. "Wewe mpwa, hii si yako. Utakuja kuongea na kuku," aliniambia, na fimbo ilikuwa karibu. Katazo la serikali lilikuwako tangu enzi za Mwingereza, ila polisi walikuwa mbali na mjomba alikuwa karibu. Sidai kwamba mambo yalikuwa mazuri. Wapo waliorukwa na akili, wakafungiwa ndani na ndugu zao, na hatukuwahi kuuliza kwa nini.

Mwaka 1992 makomredi wa ANC walirudi kwao, na majengo yakabaki kwetu. Mazimbu ikaingia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na huku Dakawa tukapata shule na chuo cha ufundi. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria mpya ya dawa za kulevya. Wakati huo huo unga, yaani heroini, ulikuwa ukipanda kutoka pwani kwa barabara, na barabara zote zinakutana Msamvu, mjini Morogoro. Pale stendi ndipo nilipoanza kuwaona mateja, vijana waliosinzia wakiwa wamesimama, mikono ikikaribia kugusa ardhi na bado hawaanguki. Bangi ya mjomba ikaanza kuchanganywa na unga ikawa kokteli.

Mtoto wa jirani yetu alikamatwa na misokoto ya bangi tu. Akafungwa. Aliingia gerezani mvutaji wa bangi akatoka mtumiaji wa unga, kwa sababu huko ndani alikaa na wakubwa wa kazi. Mama yake aliuza mpunga wa msimu mzima kumlipia soba house, nyumba ya kuachia unga, akatoka, akarudia. Usiku wa arosto, mwili ukiudai unga, alikuwa akijikunja kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kilichomsaidia ni dawa ya methadoni. Hospitali ya Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, na alihamia kwa shangazi yake Dar es Salaam ili kila asubuhi akanywe dozi yake mbele ya muuguzi, bila malipo. Leo ni fundi wa kuchomelea.

Kwa hiyo serikali ile ile iliyomfunga ndiyo iliyomponya. Bado sijasikia mbunge akiliuliza hili kwa sauti.

Sheria ya 2015 ikaongeza ukali, pamoja na kifungo cha maisha kwa wafanyabiashara wakubwa, ikazaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na mwaka 2023 mashamba ya bangi upande wa Kisaki, mkoani Morogoro, yakafyekwa na kuchomwa moto. Siwalaumu waliofyeka. Lakini mkulima wa milimani anayeshusha ndizi kichwani hadi barabarani, akapangiwa bei na mchuuzi, anajua kwamba mnunuzi wa bangi humfuata mwenyewe hadi mlangoni.

Na wale waliokuja kuadhibiwa? Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anaweza kulima na kuvuta bangi yake faraghani, na Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa, mtu wa ANC, akasaini sheria ya kutekeleza uamuzi huo. Kuiuza bado ni kosa. Mtoto bado haruhusiwi. Mjomba angeielewa sheria hiyo mara moja.

Mimi sitaki bangi iuzwe dukani Dakawa, na anayeuza kete kwa watoto wa shule afungwe. Ombi langu kwa wabunge wa Morogoro ni dogo: kijana anayeshikwa kwa mara ya kwanza na msokoto wake mwenyewe apelekwe kwa daktari, na fedha ya kumlisha gerezani ilipe mshahara wa huyo daktari.