Joto la Injini na Miguu ya Guka

Wiki hii wengi mmeniandikia mkiuliza mbona basi la kanisa lina tangi nyuma ya kiti cha dereva na viti 14 havipo. Mmoja amesikia hapa sokoni Kangari kwamba mchungaji ameweka bafu ndani ya gari la Bwana. Hakuna bafu. Kuna maji ya moto ya kuosha miguu ya watu, na hayachemshwi kwa kuni wala gesi.

Injini ya dizeli hula sana na kufanya kazi kidogo. Katika kila lita tunayonunua, takribani theluthi moja tu ndiyo husukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi. Iliyobaki, sehemu kubwa yake hubebwa na maji ya rejeta na kupeperushwa hewani. Lakini pale kituo cha mafuta tunalipia lita nzima.

Fundi wetu alichukua paipu mbili ambazo kwa kawaida hupeleka joto la injini kwenye hita ya ndani ya gari, akazirefusha hadi kwenye tangi la chuma la lita 60. Ndani ya tangi kuna paipu ya shaba iliyozungushwa kama springi. Maji ya injini hupita ndani ya hiyo shaba, maji yetu safi yako nje yake, na hayo mawili hayakutani kamwe. Hapo hatufanyi mchezo, kwa sababu kulanti ni sumu. Injini ikishapata moto, maji yake hukaa kati ya nyuzi 80 na 90, na shaba hulipitisha hilo joto upande wa pili.

Kisha tukalivika tangi blanketi nene. Mnakumbuka Mfalme Daudi katika 1 Wafalme sura ya kwanza, alipozeeka akafunikwa nguo na bado akahisi baridi? Blanketi halileti joto. Hutunza lile lililopo.

Kuna jambo lingine ambalo fundi alinieleza na limekaa moyoni mwangu. Gari likiteremka, injini haifanyi kazi ya maana, kwa hiyo maji hayapati joto la kutosha. Ni mlima unaoyachemsha. Sisi tunatoka huku juu kwenye majani chai tukiteremka kwenda Kigumo na Kaharati, na ningedhani tungefika na maji vuguvugu. Lakini mnaijua Murang'a. Ukitoka barabara kuu kwenda vijijini unashuka mtoni, unapanda mgongo, unashuka mto mwingine, unapanda tena. Kufikia kupanda kwa tatu tangi haligusiki.

Sasa niwaambie kwa nini tunajisumbua hivi.

Kule chini, upande wa Maragua, bado kuna nyumba zenye sakafu ya vumbi, na ndani ya hilo vumbi kuna funza. Yule jike huingia kwenye ngozi akiwa mdogo kama ncha ya kalamu, huvimba hadi kufikia punje ya njegere, na kwa majuma mawili au matatu humwaga mayai yanayorudi mavumbini. Mtu huanza na mmoja kidoleni. Baadaye hawezi kuvaa viatu, mtoto hawezi kwenda shule, na jirani anaanza kusema ni laana ya ukoo. Nimesikia hata watumishi wa Mungu wakihubiri hivyo, na nalipinga hilo waziwazi. Funza ni mdudu. Anapenda vumbi, na maskini ndiye analala juu ya vumbi.

Mwezi wa saba tulienda na mhudumu wa afya ya jamii kwa guka mmoja anayeishi peke yake. Alipotuona akavuta miguu chini ya gunia. Akaniambia, "Pasta, nisamehe. Walikuja wengine kabla yenu. Waliniosha nje alfajiri kwa maji ya mto, wakanipiga picha, wakaenda."

Sikumjibu kwa andiko. Tulimwekea kiti ndani ya basi, tukafunga mlango. Maji ya tangi yanaweza kumwunguza mtu, na miguu iliyoharibika haihisi vizuri, kwa hiyo dada wa Idara ya Akina Mama aliyachanganya na baridi nusu kwa nusu, akapima kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga. Guka akaingiza mguu mmoja. Akanyamaza. Akaingiza wa pili. Halafu akauliza, "Haya maji mmechemshia wapi? Sijaona moshi."

Nikamwambia, "Guka, ni gari limechemsha likija kwako."

Akacheka hadi akakohoa.

Naomba mnielewe: maji ya moto hayaui funza. Kazi hiyo ni ya dawa, ile ya zambarau, pamanganeti, ambayo miguu hulowekwa ndani yake kwa kama dakika 15. Lakini mzee anayetetemeka hakai dakika 15. Kwanza utampa sababu ya kukaa. Na tafadhali, msichokoane kwa pini moja nyumba nzima. Mnapeana magonjwa mabaya kuliko funza.

Nasoma Yohana 13, Yesu akitia maji kwenye karai, na Neno halisemi kama yalikuwa ya moto au baridi. Nasoma Yohana 6, watu wameshiba, naye anaamuru mabaki yakusanywe kisipotee kitu. Yeye aliyeweza kuumba mikate alihesabu makombo. Siku hizi nikiiona rejeta ikipuliza joto barabarani, nakumbuka vile vikapu 12.

Najua kamati haijakubaliana. Mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu sana, ametuonyesha kwamba bila vile viti 14 kwaya hukodisha matatu, na pesa za watu waliokuwa wakikodi basi kwa harusi na mazishi zimepungua. Hesabu yake ni sahihi, sina namna ya kuipinga. Jumapili baada ya ibada ya pili tutakaa na kuamua kama viti virudishwe. Mimi nitasema virudi saba, tangi libaki. Njooni mseme yenu.

Ila kabla ya hapo kuna Jumamosi. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka kanisani. Tangi hutoa karai 30 hivi, na kwenye orodha kuna watu 26. Karai tunazo. Tunahitaji taulo, sabuni ya kipande, na viatu vilivyofungwa mbele, hasa namba 8 na 9 za wanaume. Guka amesema atatungoja barabarani.