Zana zangu, zana zake

Mpenzi msomaji, tumeshaongea sana kuhusu simu ya mume, meseji za usiku na mama mkwe. Leo naomba tuongelee jembe. Usicheke! Hapa Babati nimeona nyumba zikiwaka moto kwa sababu ya jembe, na yangu ilikuwa mojawapo.

Mume wangu, Baba Neema, ni seremala. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji wa hapa hapa mkoani Manyara, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Mtaani kwetu vijana walikosa usingizi. Haukupita muda, Baba Neema akauza randa, misumeno na patasi zake zote, akapanda basi kwenda Mererani kuwa mwanaapolo. Nikabaki na watoto wawili na gunia moja la mahindi.

Bahati nzuri nilikuwa na vitu vyangu: jembe, reki, panga, tupa na keni ya kumwagilia, nilivyonunua kwa mkopo wa VICOBA. Nikakodi kipande upande wa ziwani, nikapanda mchicha, sukuma wiki na nyanya. Wanaolijua Ziwa Babati wanajua shughuli yake: usiku viboko wanatoka majini kutafuta malisho, na bustani yako kwao ni hoteli. Ilibidi nikate miba na kuzungushia uzio mwenyewe. Hapo ndipo unapojua kama panga ni panga au ni bati.

Wanawake wenzangu huwa wananiuliza nachaguaje. Nawaambia hivi. Jembe usilinunue kwa rangi, maana rangi inaficha mengi. Likamate kwa kamba au kidole, ligonge kwa msumari: chuma kizuri kinalia kama kengele, chenye ufa kinatoa sauti ya debe. Tazama tundu la mpini. Kama limechomelewa kwa juu juu, siku ukikutana na udongo mweusi uliokauka litakuacha njiani. Ukiruhusiwa, pitisha tupa kwenye ukingo. Ikizama kama kwenye siagi, jua kila asubuhi utakuwa unanoa.

Mpini ndio siri yenyewe. Usikubali mpini wowote unaopewa dukani. Nyuzi za mti ziende moja kwa moja toka juu mpaka chini, pasiwe na fundo, na mti uwe umekaukia kivulini. Mpini mfupi ndio unaotuua viuno. Mimi wangu unanifika kifuani, na mgongo wangu unashukuru. Keni nayo iangalie matundu: yakiwa makubwa, maji yanafukua mbegu zote. Na kwa shoka, usimdharau mhunzi wa mnadani. Shoka lililofuliwa kutokana na springi ya gari linaweza kumzidi la dukani linalometameta.

Basi, bustani ikajibu. Ada ikalipwa, mboga haikukosekana. Ndipo shemeji yangu, mdogo wake Baba Neema, alipokuja na toroli. “Shem, nimefuata vifaa vya kaka, navihitaji shambani.” Nikamwambia, “Karibu chai, shem. Ila vya kaka yako vilishauzwa. Hivi ni vyangu.” Akanuna, akaondoka. Jioni mama mkwe akanipigia: “Mwanangu, tangu lini mke akawa na jembe lake ndani ya nyumba ya mume?”

Nilimheshimu, sikubishana. Lakini wewe msomaji nakwambia: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Ndoa peke yake haigeuzi jembe lako kuwa la mwenzio. Heshima ni kitu kizuri, ila haitakiwi kukunyang’anya riziki ya watoto.

Baba Neema alirudi mwishoni mwa 2021. Jiwe hakupata. Alikuwa amekonda, anakohoa, na kwa wiki nzima alikaa barazani anaangalia mikono yake. Mashosti wakaniambia nimkomeshe. Wengine wakasema nimpe tu hela, mume hakopeshwi. Mimi nilimwambia, “Baba Neema, twende sokoni ukanichagulie msumeno.”

Tulizunguka kwenye vya mitumba. Nikamwona akichangamka taratibu. Aliuinua msumeno usawa wa jicho kuona kama umenyooka, akaupinda kidogo na kuuachia urudi wenyewe. Akanieleza kuwa kutu ya juu juu inasuguliwa ikaisha, lakini ikishatoboa vishimo, achana nayo. Nyundo aliitikisa kusikia kama kichwa kinacheza. Tukachukua vinne: msumeno, randa, patasi na nyundo. Nililipa mimi, na tukaandika kwenye daftari kuwa atarudisha kidogo kidogo. Kusaini kulimchoma, niliona. Alikaa kimya hadi nyumbani.

Usiku ndio akasema: “Ungenipa bure, ningejiona mgonjwa wako.” Miezi saba baadaye deni lilikuwa limekwisha. Vyangu vina alama ya rangi nyekundu kwenye mpini, vyake ni bluu. Kila mmoja anaomba kabla ya kuchukua, na anarudisha kikiwa kimefutwa. Mama mkwe bado anaona ni mambo ya ajabu, lakini mwaka jana aliniomba nimchagulie jembe. Nilimtafutia jepesi, mpini wa kimo chake.

Siku hizi nikialikwa kitchen party sibebi hotpot; hizo bibi harusi atapata za kutosha. Namfungia jembe, tupa na nyundo ndogo kwenye khanga. Watu wanacheka, yeye anashangaa. Lakini namnong’oneza: mwanangu, mpende mumeo, mfulie, mcheke pamoja. Ila mpini wa jembe lako uupake rangi mapema, mkiwa bado mnaelewana.