Rangi na Chuma

Atakaye kujua thamani ya kitu cha zamani, na akivue rangi kwanza. Neno hili nilifundishwa na fremu ya baiskeli, nami naona si vema kulificha moyoni, kwani ninyi msomao kurasa hizi mko katika umri wa kuchagua majina mtakayojivika maishani.

Babu yangu alikuwa mkulima wa Murang'a. Mwaka 1967 alinunua baiskeli, na tangu siku hiyo baiskeli ikawa mguu wa tatu wa nyumba yake. Kila alfajiri ilibeba mikebe ya maziwa, na siku za soko ilibeba magunia ya viazi. Ada ya shule ya baba yangu ilipita juu ya keria yake. Baiskeli za namna ile, nzito, ndefu na nyeusi, watu wa nchi yetu huziita Black Mamba; lakini kwetu haikuitwa hivyo. Iliitwa Raleigh. Babu aliambiwa kuwa ni Raleigh, akalipa bei ya Raleigh, na baba alitusimulia habari za Raleigh ya babu kama wengine wanavyosimulia habari za shamba la urithi.

Jina hilo halikuwa dogo. Kampuni ya Raleigh ilianza katika mji wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1887, na baiskeli zake za chuma zenye nembo ya kichwa cha korongo zilienea duniani kote. Katika Afrika ya Mashariki karani, mwalimu na mhubiri walizitamani, na aliyeipata alihesabiwa kuwa mtu aliyepiga hatua. Kazi ya kuunda baiskeli huko Nottingham ilikoma mwaka 2002, lakini zile zilizotoka humo zamani bado zinatembea katika njia zetu za vumbi.

Babu alifariki mwaka 1998, na baiskeli ikaangikwa ghalani. Kutu iliila, kuku wakalala juu yake, na rangi ikabanduka hata herufi moja isisalie. Mwaka jana baba alipatwa na maradhi ya miguu, akawa mtu wa kukaa barazani. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, ichukue Raleigh ya babu yako ukaitengeneze. Nataka kuiona kama ilivyokuwa, pamoja na jina lake." Nikamwahidi kwa moyo mweupe.

Mimi ni mwalimu katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kwa hiyo niliipeleka fremu hiyo Eastleigh. Mtaa huo wenyewe umepakwa rangi mara nyingi. Uliundwa mwaka 1921 kwa kuunganisha vitongoji viwili. Kwa miaka mingi wakazi wake wengi walikuwa Wahindi. Na baada ya vita vya Somalia kuanza mwaka 1991, Wasomali waliokimbilia huko waliugeuza kuwa soko kubwa. Garissa Lodge, iliyokuwa nyumba ya wageni, iligeuzwa kuwa jengo la maduka, na mengine mengi yakafuata mfano wake. Lakini nyuma ya maduka hayo yenye vioo bado wapo mafundi wa jua kali, nao ndio niliowatafuta.

Nilimpata fundi mmoja mwenye mvi, katika karakana inayopaka rangi milango na madirisha ya chuma. Aliitazama fremu kwa muda mrefu, akaigonga kwa sarafu kila kiungo huku akisikiliza. Nilimwuliza sababu. "Mwalimu," alijibu, "chuma kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Rangi haiungi ufa."

Msomaji, huenda unadhani kwamba kupaka rangi ni kupaka rangi. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe kupaka ndiyo sehemu fupi ya kazi. Kwanza fundi alifungua kila kitu, akatoa gololi zote, hata ikabaki fremu tupu. Kisha aliipulizia mchanga kwa nguvu ya hewa, na rangi ya miaka hamsini na zaidi ikaruka tabaka baada ya tabaka: nyeusi, kijani, tena nyeusi. Pamoja na rangi ilitoka filla, yaani ule mchanganyiko mzito ambao mafundi wa magari huzibia mabonde. Chini yake pakaonekana bonde lenye upana wa kidole gumba katika bomba la juu. Nilimwomba alizibe tena. Alikataa, akisema kuwa filla ya kawaida haistahimili moto wa tanuri. Ama bonde libaki, ama tutumie rangi ya kawaida ya maji. Nikasema libaki.

Rangi aliyokusudia kutumia haina maji wala mafuta. Ni unga mkavu. Fremu huoshwa kwa dawa, kisha haishikwi kwa mkono mtupu, maana jasho la kiganja hutosha kuiharibu kazi. Huangikwa kwa ndoana iliyounganishwa na ardhi kwa waya. Unga hutoka katika bomba la kupulizia ukiwa umetiwa umeme, nao hukimbilia chuma na kukishika, kama vipande vya karatasi vinavyorukia kitana kilichosuguliwa katika nywele kavu. Kisha fremu huingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, kwa dakika kumi hata ishirini hivi, na unga huyeyuka, ukatandaa, ukashikamana kuwa ngozi moja ngumu. Nilihofia viungo, kwa kuwa mabomba ya fremu za zamani yameunganishwa kwa shaba ya manjano. Fundi alicheka. Shaba hiyo huhitaji joto la karibu nyuzi 900 ndipo iyeyuke. Tanuri lake kwa shaba hiyo ni kama jua la asubuhi.

Lakini kabla ya unga, matundu yote yenye hesi, yaani michirizi ya kushikia skrubu, sharti yazibwe ili rangi isiingie. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Fundi alileta vikombe viwili vya zamani vya Raleigh ili avijaribu mahali inapopita ekseli ya pedali. Kikombe kilizunguka kidogo kikakwama. Akajaribu cha pili, nacho kikakwama. Alisafisha hesi, akatia mafuta, akajaribu tena, kisha akaviweka chini taratibu.

"Mwalimu," alisema, "baiskeli hii si Raleigh."

Akanieleza. Zile Raleigh kubwa za Nottingham zilikuwa na hesi ya peke yake, mizunguko 26 katika inchi moja; baiskeli nyingine za mtindo wa Kiingereza zilikuwa na mizunguko 24. Hii ilikuwa na 24. Akanionyesha na alama nyingine katika kichwa cha uma wa mbele. Imeundwa wapi, hakuweza kusema. Nami nikafahamu kwamba mwaka 1967 mtu fulani alibandika jina juu ya chuma kisichokuwa chake, na babu yangu akalilipia jina hilo kwa maziwa ya miezi mingi.

Sasa, msomaji, sikia jaribu langu. Mkobani mwangu nilikuwa nimekwisha kutia stika mpya za Raleigh, zenye herufi za dhahabu, nilizochapishiwa na vijana wanaopamba matatu. Zingebandikwa juu ya rangi, zikafunikwa kwa vanishi, na hakuna jicho ambalo lingetambua. Nilimwuliza fundi afanyeje yeye. Alifuta mikono akajibu, "Stika ni zako, Mwalimu, na baba ni wako. Mimi kazi yangu ni chuma." Nilitaka anisaidie kubeba mzigo ule, naye alinirudishia kwa adabu.

Usiku ule sikulala vema. Moyo wangu ulinena kwa hekima nyingi. Ulisema: baba ni mgonjwa, furaha yake ni ndogo, uongo huu si wako, umeurithi tu, ni nani atakayeumia? Mezani palikuwa na madaftari ya kusahihisha. Juma lile lile nilikuwa nimempa mwanafunzi mmoja sifuri kwa sababu aliandika jina lake juu ya insha ya mwingine. Alilia, akasema kuwa mama yake alitamani sana kuona alama nzuri. Nilimjibu maneno mazito juu ya uaminifu. Sasa maneno yale yalinirudia, yakaketi mbele yangu kama wageni wanaongoja chakula. Je, sheria niliyompimia mtoto nimpunguzie mtu mzima, kwa kuwa mtu mzima huyo ni mimi?

Asubuhi nilimwambia fundi aipake nyeusi, bila jina.

Niliipeleka Murang'a siku ya Jumamosi. Iling'aa kama maji ya kisima usiku. Baba aliitazama kutoka kitini mwake, uso ukachangamka, kisha akauliza neno nililokuwa nikiliogopa njia nzima: "Jina liko wapi?"

Nilimweleza yote, habari za vikombe, za hesi, za mizunguko 24. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinyamaza kwa muda mrefu, nami nikajiona kama mtu aliyevunja chungu cha nyumba ya watu. Hatimaye akasema, "Basi baba yangu alidanganywa." Sikuwa na la kujibu.

Akaomba nimsogezee baiskeli. Aliweka kiganja chake juu ya bomba la juu, akakipitisha polepole kama mtu apapasaye mgongo wa ng'ombe, hata kidole gumba kikaangukia katika lile bonde. Mkono ukasimama. "Hapa," alisema. "Hapa niliiangusha juu ya jiwe, pale mtoni, nikiwa na miaka kumi na miwili. Maziwa yote yalimwagika. Nilingoja fimbo, babu yako hakunipiga. Alipaziba mwenyewe ili mama asijue." Akacheka, na machozi yakamlenga. "Ndiyo yenyewe hii. Raleigh au si Raleigh, maziwa iliyoyabeba hayakuwa ya uongo."

Tangu siku hiyo nimelifikiri sana bonde lile. Kama ningekuwa nimepata nilichokitaka, lingezibwa, na jina lingeandikwa, na baba angeipokea baiskeli nzuri ambayo mkono wake haukuijua. Kitu nilichotaka kukificha ndicho kilichoitambulisha, na kitu nilichotaka kukionyesha hakikuwamo kamwe.

Vijana wasomaji, zamani ina kutu, na si kosa kuisugua na kuipaka upya. Heshima ya wazee haikai katika kutu. Lakini anayeitengeneza ana kazi mbili: kuondoa kilichooza, na kutoongeza kisichokuwapo. Ile ya kwanza huhitaji mchanga na tanuri, na fundi hulipwa kwayo. Ya pili haina mshahara, nayo ni ngumu zaidi. Zile stika za dhahabu bado zimo katika mtoto wa meza yangu shuleni. Huzitazama kila ninapokaribia kumpa mwanafunzi sifuri.