Mashine na Baridi
Katika Minnesota, ambako maziwa huganda kwa miezi, nilijifunza bei ya uvivu. Jioni moja, kabla ya kuihifadhi mashine ya mashua yangu, nilifungua parafujo ya chini. Mafuta ya giya yakachuruzika meupe kama tui, dalili ya maji yaliyopenya. Baridi ilinichoma vidole, nikaifunga, nikasema, “Kesho.” Kesho hiyo haikuja. Maji yagandapo huongezeka kwa kadiri ya sehemu 9 katika 100, wala chuma hakiyazuii. Theluji ilipoyeyuka, nililikuta ganda la giya limepasuka. Sasa mimi humwaga mafuta yote, hubadili mpira uliochakaa, hutia mafuta mapya, na huiweka mashine wima. Adui hakuvunja mlango. Nilimfungia ndani kwa mkono wangu.