Tawi Kabla ya Chakula

Kamera ndiyo iliyonilisha na kuwasomesha wanangu, tangu enzi za filamu ya picha 36. Studio yangu mjini Moshi iliishi kwa picha za pasipoti, harusi na kipaimara. Humo nilijifunza mambo mawili ambayo hadi leo nayategemea: kumtenga mtu na pazia lililo nyuma yake, na kuhakikisha jicho lina nuru.

Simu zilipochukua wateja, nilirudi kihambani, shamba letu la nyumbani, na kuwageukia ndege. Kibao cha kulishia nimekitundika mita nne hivi kutoka dirisha la jikoni. Huweka papai, ndizi mbivu na konzi ya mtama. Lakini ndege akiwa juu ya kibao simpigi picha. Hapo ninachopata ni picha ya ganda la papai. Hatua moja pembeni nimesimika tawi kavu la kahawa, kwa sababu karibu kila ndege hutua kwanza mahali pa kuchungulia ndipo ashuke kula. Lenzi ya mm 400 humngoja hapo. Nyuma kabisa uko ua wa masale, na kwa kuwa uko mbali, majani yake huyeyuka yakabaki kijani kitupu. Pazia bora kuliko hilo sijawahi kulinunua.

“Kaka, unawalisha wezi?” jirani huniuliza akiwaona kuzumburu. Ana haki, kundi lao likivamia mpapai halisazi kitu. Hata hivyo nawapenda mno. Asubuhi ya baridi hujining'iniza tawini, matumbo yakielekea jua, wakijipasha moto, na wakati huo hawana haraka na mtu. Shore hatulii hata kidogo. Huyo namwekea kasi ya 1/2000 ya sekunde.

Jua la huku karibu na ikweta hupanda upesi. Ikifika saa tatu asubuhi, kivuli kimekuwa kikali, njano ya mnana inaungua na weusi wake hauonyeshi tena unyoya. Ndiyo maana naipenda Julai. Mawingu yakiufunika mlima, na watu wakilalamikia baridi, mimi hupiga picha mchana kutwa: anga lote limekuwa mwavuli mweupe wa studio.

Flashi situmii, wala siwachezei milio yao kwenye simu, na kiota sikisogelei. Picha ya ndege aliyeyakimbia makinda yake kwa kuniogopa siitaki. Kibao hukisugua na maji yao ya kunywa huyabadilisha kila siku, maana ndege wengi wakikusanyika mahali pamoja huambukizana magonjwa.

Mnana wa hapa kwangu huja wawili wawili. Dume ana paji la njano. Jike, paji na utosi ni vyeusi. Bado sijawapata pamoja, kila mmoja jicho lake likiwa na nuru, kwani jike wangu husubiri mwenziwe aruke ndipo naye atue. Wiki hii nimeongeza kitawi cha pili, chini kidogo ya tawi la kwanza.